Nyota za dawa zangu za kifafa, kwa kipimo cha chumbani

Watu wanarivyu mawigi, blenda na majiko ya gesi, mimi leo narivyu vidonge vya kifafa. Na sio kwa kile kipimo cha kawaida kwamba vinazuia au havizuii, hicho utaambiwa kliniki na yeyote mwenye koti jeupe. Mi naviangalia upande ambao sijawahi kuona mtu anaupa nyota, yaani ukishameza kila siku miaka nenda rudi, hamu ya tendo la ndoa inabaki au inaondoka, na mkiwa faragha unafika kileleni au unahesabu mabati.

Nitangulize kabisa, mi sio daktari, ni mtumiaji. Dawa iliyonisumbua mimi inawezekana ndio iliyomrudisha mwenzangu kazini, kwahiyo usije ukaamka kesho ukamwaga vidonge chooni eti dada mmoja kaandika.

Kifafa changu ni kile kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, hakiniangushi kila mara. Nasikia harufu ya kitu kinaungua wakati hakuna kinachoungua, macho yanakodoa, mdomo unatafuna hewa, mkono unachezea chezea upindo wa nguo, alafu nikirudi sijui tulikuwa tunaongelea nini. Mara chache ndio naenda chini mzima mzima. Kilianza nikiwa shule ya msingi, kwahiyo karibu kila dawa inayopatikana Tanzania kwa bei ya kibinadamu imeshapita kooni kwangu.

Ngoja nianze na fenobabitoni maana hii ndio mama yao wote. Inatibu kifafa tangu 1912, bei yake iko chini kuliko zote, unameza mara moja kwa siku, na ukizingatia dunia ina watu karibu milioni 50 wenye kifafa na kama asilimia 80 yao wako nchi za kipato kama chetu, basi kidonge wengi wanachokikuta zahanati ni hicho hicho cheupe kidogo. Kule Mahenge wilaya ya Ulanga, daktari Louise Jilek-Aall mzaliwa wa Norwei alipoanzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, fenobabitoni ndio iliyowasimamisha watu waliokuwa wanatengwa mpaka kwenye kula. Shangazi yangu ni wa huko huko, kaimeza tangu usichana wake na anaisifia kuliko anavyomsifia marehemu mumewe.

Mimi niliimeza nikiwa mwanafunzi, sasa mtoto wa shule hamu ya nini, nilichojua ni kwamba nasinzia darasani na hesabu hazipandi. Ila nilivyoolewa nikamfuata shangazi. Nikamwambia shikamoo shangazi, nina swali la aibu. Akasema marahaba mwanangu, aibu gani na mimi nimezaa saba. Nikamuuliza, hivi na hizi dawa ulikuwa unasikia raha lakini? Akacheka mpaka kanga ikamtoka begani. "Mwanangu, mimi nilikuwa nasikia usingizi."

Basi hiyo ndio rivyuu yenyewe, fupi na ya mtu mzima. Kuzuia kifafa naipa nyota nne, bei nyota tano, chumbani nyota moja na hiyo moja ni ya heshima kwa shangazi. Fenitoini sijaitumia muda wa kutosha kuihukumu, iko kundi moja nayo kwa habari ya homoni, na juu yake inavimbisha fizi na kuotesha nywele usoni, sasa niambie mwanamke gani anajisikia kuitwa mrembo katika hali hiyo.

Sasa kabamazepini. Hapa ntakaa kidogo maana ndio dawa niliyoingia nayo kwenye ndoa.

Kwa kazi yake ya kuzuia kifafa, sina neno. Nilitoka kwenye kupotea potea kila wiki nikaenda miezi bila kitu, nikaanza kupika mwenyewe, kupanda bodaboda, kubeba mtoto wa jirani bila mama yake kunikodolea. Siku za mwanzo kizunguzungu na kuona vitu viwili viwili, tukahamia ile inayoyeyuka polepole mwilini, ikatulia. Nyota tano. Mtu akikuambia kabamazepini haifai, muulize haifai kwa nini.

Ila chumbani jamani. Mi nimefundwa, tena nilifundwa na somo asiyekwepa kitu, baada ya hapo kichen pati ya kufa mtu, nimeingia ndani nikiwa na elimu yote ya kiuno na shanga zangu za rangi. Mume nampenda, akichelewa kurudi nampigia simu, akisafiri nanusa shati lake. Lakini ikifika usiku mwili haupo. Hakuna hasira wala kinyaa, ni ukimya tu. Ananishika, najua ananishika, hakuna kinachoitikia. Ukavu unaouma, na kileleni ndio kabisa, nasogea nasogea, nakaribia, inakata. Mwanzoni unasema uchovu, alafu unasema ni ugeni wa ndoa, alafu unaanza kujipangia kazi za jikoni usiku ili umkute amelala. Kuna kipindi nilikuwa namenya vitunguu saumu vya wiki nzima saa tano usiku, mume ananiuliza kesho kuna shughuli?

Na ukimya wa mwanamke ndani ya nyumba ya watu huwa unapewa tafsiri haraka sana. Mawifi walishasema nina mchepuko. Mama mkwe ni mtu wa Pangani, mpole kweli, yeye jibu lake lilikuwa jini mahaba, eti amenioa usiku ndio maana simtaki mwanawe. Nimekunywa kombe, nimefukizwa udi na ubani, nimeogeshwa maji ya mwarobaini. Siyadharau, mama wa watu alitoa pesa yake na mapenzi yake. Lakini kile kidonge cha miligramu 200 nilikuwa nakimeza kwa maji yale yale ninayoshushia kombe, na hakuna hata mmoja, kuanzia mganga mpaka daktari, aliyekinyooshea kidole.

Kilichofungua macho ni siku nimeenda hospitali nyingine kwa rufaa ya kitu kingine kabisa nikakutana na daktari mama mtu mzima. Akasoma kadi yangu, akaona dawa na miaka. Akasimama mwenyewe akafunga mlango, akavuta pazia, akakaa.

"Mwanangu, na chumbani mnaendeleaje wewe na mzee?"

Nikamjibu tunaendelea vizuri dokta, ile ya kujibu salamu. Akaweka peni chini.

"Sijakuuliza kama mnapendana. Nakuuliza, hamu unaipata?"

Nililia pale mpaka nikaishiwa tishu. Akaniacha nilie, alafu akanichorea kwenye karatasi. Nieleze nilivyoelewa mimi. Kabamazepini, fenobabitoni na fenitoini zinaliamsha ini lifanye kazi kupita kiasi, vile vimeng'enya vyake vinaongezeka. Ini likiamka hivo linaziunguza homoni haraka, na pia linatengeneza kwa wingi protini fulani inayotembea kwenye damu na kazi yake ni kuzishika homoni za kike na za kiume. Ndio, hata sisi tunayo testosteroni, kidogo, na ina mkono wake kwenye hamu. Homoni iliyoshikwa na ile protini haifanyi kazi, inayofanya kazi ni iliyo huru. Ni daladala imejaa abiria mpaka mlangoni ila kituoni konda hafungui, watu wapo lakini hashuki mtu. Ukipima jumla ya homoni unaweza kukuta majibu yanaridhisha kabisa na mtu akakuambia uko sawa, kumbe zilizo huru ndio zimepungua.

Hakuishia hapo, na hili nalisema kwa sababu nimeona watu wakishajua habari ya dawa wanatupia kila kitu kwenye dawa. Aliniambia kifafa chenyewe, hasa hiki changu cha pembeni ya kichwa karibu na masikio, kinaweza kuvuruga sehemu za ubongo zinazoongoza homoni na hisia, wanawake wenye kifafa wanalalamikia hamu na kuridhika kuliko wasio nacho hata kabla ya kuhesabu vidonge. Akaniuliza kuhusu usingizi, kuhusu kulia bila sababu, kuhusu kuogopa kupata shambulio katikati ya tendo. Hiyo hofu ipo na ni kubwa, hata kama kutokea kwenyewe ni kwa nadra, maana ukishawahi kuzinduka ukakuta mwenzio anakutazama kwa woga, mwili unajifunza kujibana. Akaniuliza kama natumia za sonona, maana fluoksetini na wenzake nazo zinachelewesha kilele au zinakizima kabisa, na kwa kuwa hospitali nyingi kwetu kifafa kinatibiwa kliniki ya afya ya akili, wapo wanaotoka pale na vyote viwili kwenye mfuko mmoja. Akaniandikia vipimo vya damu, thairoidi na prolaktini. Vikaja visafi. Ndio tukabaki na mtuhumiwa wetu.

Kabla sijasahau, kijiti. Nilikuwa na kijiti mkononi cha kupanga uzazi. Mama dokta alipokipapasa alishtuka, manake lile lile ini lililoamka linaunguza na homoni za kijiti na za vidonge vya majira, kinga inapungua, na hata vile vya dharura vinavyonunuliwa famasi asubuhi yake vinapoteza nguvu. Nilikuwa natembea nikidhani nimefunga mlango kumbe nimeurudishia tu. Sindano ya miezi mitatu haiathiriki kwa namna hiyo, na kitanzi cha shaba hakina shida na dawa hizi kabisa. Nikachagua kitanzi. Unaweza kujiuliza hii inahusiana nini na hamu, basi jaribu kustarehe huku nusu ya kichwa inahesabu siku zako, utanipa jibu.

Nyota za kabamazepini basi, kifafa tano, chumbani moja. Na niseme haki, nina mwenzangu wa benchi la kliniki anameza hiyo hiyo na anasema kwake mambo ni moto, wanatafutana na mumewe mchana kweupe. Miili haifanani. Ndio maana nasema usisome hii ukajipa ugonjwa ambao huna.

Valproeti nitapita haraka. Niliitumia kipindi kifupi kabla ya ndoa, ilikuwa inazuia vizuri tu. Haiamshi ini namna ile, kwahiyo kwenye karatasi ungedhani hamu ipo salama. Lakini ilininenepesha nikatoka kwenye nguo zangu zote, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, na mzunguko ukavurugika, na inajulikana kuleta zile uvimbe ndogo ndogo kwenye ovari. Mwanamke anayezima taa kabla ya kuvua nguo hana nafasi kubwa ya kufurahia. Kubwa zaidi ni ujauzito. Kwa mama anayeimeza, karibu mtoto 1 kati ya 10 anazaliwa na kasoro kubwa ya maumbile, na 3 mpaka 4 kati ya 10 wanapata shida ya ukuaji wa akili, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 likasema wazi kwamba wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba wasipewe isipokuwa nyingine zote zimeshindikana. Kama uko kwenye hiyo na unafikiria mtoto, muone daktari KABLA, usisubiri mistari miwili. Na usiikatishe mwenyewe. Nyota sitoi, tuliachana vibaya.

Levetirasetamu ndio nilihamishiwa kwanza baada ya mama dokta. Haigusi ini, haigongani na uzazi wa mpango, unafika dozi kamili mapema. Na kweli baada ya muda nikaanza kusikia kitu, nikiwa naosha vyombo tu nikamkumbuka mume wangu kwa ile namna, nikasimama pale na sufuria mkononi nikacheka peke yangu. Shida ikaja kwingine. Hasira. Hasira isiyo na mwenyewe, mtoto kamwaga uji nataka kupasua ukuta, mume kaacha kandambili mlangoni nimeshafungasha begi. Ni maudhi yanayojulikana ya dawa hii, sio kila mtu anayapata ila mimi nilipata yote ya ukoo. Yaani hamu ilirudi, mwenye kutamaniwa ndio nikawa sitaki kumuona. Mume akaniambia kwa upole kabisa, mama nanihii, bora ile ya kwanza, ile ulikuwa hunitaki usiku tu. Kifafa nyota nne, hamu nyota tatu na nusu, amani ya nyumba nyota sifuri.

Tukaja kwenye lamotrijini ambayo ndio naimeza mpaka leo. Hii inataka subira kuliko zote. Inaanzwa dozi ndogo sana na inapandishwa kila baada ya wiki mbili, kwa sababu ikipandishwa haraka inaweza kuleta vipele vibaya vya ngozi vinavyofika mpaka mdomoni na machoni, mtu akafa. Ukiona kipele chochote wiki za mwanzo hakuna kusema ni joto la Dar, ni hospitali siku hiyo hiyo. Na ukiikatisha siku kadhaa usirudi kwenye dozi yako kubwa, unaanza upya chini. Pia kama unatumia vidonge vya majira vyenye estrojeni, vinaishusha lamotrijini kwenye damu karibu nusu, kifafa kinarudi na unabaki unashangaa, kwahiyo daktari aijue hiyo. Wakati tunapanda nayo taratibu zile za zamani zilikuwa zinashuka, miezi hiyo ilikuwa ya wasiwasi, na nilipata mashambulio madogo mawili matatu ya harufu. Mume alihamisha jiko la mkaa nje na akawa anachemsha maji ya kuoga yeye.

Matokeo? Sio miujiza jamani, na anayekuuzia miujiza mkimbie. Ini halilali siku moja, linachukua wiki kadhaa kutulia, na mwili ambao umejifunza kujibana haujui kwamba umeruhusiwa. Kilichorudi kwanza kwangu ni ndoto. Alafu ukavu ukapungua. Alafu siku hiyo, nakumbuka ilikuwa asubuhi ya Jumapili mvua inanyesha watoto wako kwa bibi yao, nikafika. Nikafika kweli kweli, na mume akadhani ni shambulio, akanigeuza ubavu wa kushoto haraka haraka anavyofundishwa kliniki, akawa ananiita jina langu kwa woga, na mimi nacheka siwezi hata kuongea. Kuna utafiti uliowafuatilia watu walioanza lamotrijini au waliohamia kwayo kutoka dawa nyingine na wanawake wakaonyesha nafuu kwenye hamu na kuridhika, kwahiyo sio mimi tu niliyeota. Kifafa naipa nne, sio tano, maana harufu inanitembelea mara moja moja. Chumbani nne. Bei moja, kwa mwezi inanila zaidi ya umeme na bando kwa pamoja, na bima yangu ilikuwa na lugha nyingi.

Kuna nyingine inaitwa topirameti, sijaitumia, ila dada mmoja wa kliniki alipewa kwa ajili ya kifafa na kipandauso, akapungua mwili akafurahi, baadaye akaanza kusema maneno yanampotea na kileleni hafiki kabisa wakati hamu anayo. Hilo la kileleni limeripotiwa kwa wanawake na mara nyingi linaondoka dozi ikishuka au dawa ikibadilishwa. Sitoi nyota ya dawa ya mwenzangu.

Vitu vidogo vilivyonisaidia wakati nasubiri, maana sio kila mtu ataweza kuhama, wengine fenobabitoni ndio iliyopo na ndio wanayoimudu. Tulihamisha muda. Kama dawa yako ya usiku inakulaza, kwanini mnang'ang'ania usiku, alfajiri ipo, na mchana wa wikiendi upo. Nilinunua jeli ya maji famasi, mafuta ya nazi nayo yanateleza vizuri sana na hayana gharama ila kama mnatumia kondomu za mpira msiyaguse, yanaziharibu. Shabu na vile vya kubana wekeni mbali, mtu mwenye ukavu anajikausha tena ili iwe nini? Na zile asali za wanandoa na alkasusi za mtandaoni, muuzaji hajui wewe unameza nini, na mtu wa kifafa dawa zake zinagongana na vitu vingi, hata juisi ya balungi tu inapandisha kabamazepini kwenye damu. Kingine ni mume kuambiwa. Wangu nilimpeleka kwa mama dokta akachorewa ile karatasi, tulivyotoka akakaa kimya mpaka stendi, alafu akasema "kwahiyo miaka yote hii sio mimi." Sikuwa najua kwamba na yeye alikuwa anajiuliza.

Najua wapo wasioweza kumwambia mume lolote kwa sababu hajui hata kama kifafa kipo, vidonge viko kwenye kopo la mchele. Siwalaumu. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 39, inaweka kifafa cha mara kwa mara pamoja na wazimu kwenye sababu za ndoa kuweza kubatilishwa, kama mwenzako hakujua wakati mnaoana. Mwanamke anayejua hilo anaficha dawa, anaficha kliniki, alafu anaulizwa mbona huna hamu, ataanzia wapi kujibu.

Na yupo aliyejibu kwa kuacha dawa. Tulikuwa tunakaa naye benchi moja, mumewe kamwambia chagua vidonge au mimi, akaacha vyote kwa siku moja. Kabamazepini na fenobabitoni ukizikata ghafla kifafa kinarudi na marafiki zake, mashambulio yanafuatana bila nafasi ya kupumua. Yeye lilimkuta anageuza vitumbua. Nilimuona baadaye, vidole vitatu vya mkono wa kulia vimeshikana, anashika kikombe kwa viganja viwili. Mume kashaoa mwingine. Kwahiyo ninaposema hama dawa, namaanisha hama na daktari, polepole, moja inapanda nyingine inashuka.

Mwisho kuhusu huduma, maana nayo nairivyu. Kliniki ninayochukulia dawa siitaji. Dawa za kifafa bure zikiwepo, hilo nawapa nyota. Manesi wanajua majina yetu, nyota nyingine. Lakini mlango haufungwi. Unaulizwa "kifafa kimetulia?" huku mgonjwa anayefuata ameshaingiza kichwa na faili lake, unasema ndio, inaandikwa, muhuri, mwingine. Katika hali hiyo nani atasema sifiki kileleni? Kwahiyo mi siku hizi nafanya hivi, naandika kwenye kikaratasi nyumbani, nimeanza dawa fulani lini, hamu ilikuwaje kabla, sasa ikoje, mzunguko ukoje, naumia au siumii, alafu namuwekea daktari juu ya kadi kabla sijakaa. Kijana mmoja wa zamu alikisoma masikio yakamuwaka, ila alikisoma mpaka mwisho, akaenda kumuita mkubwa wake. Kikaratasi kinafanya kazi kuliko mdomo.

Kwa wanaotumia lamotrijini, famasi ninayonunua ya miligramu 50 imeadimika, ipo ya 100 yenye mstari katikati, inakatika vizuri kwa kisu kidogo, na ya 25 inapatikana. Msisubiri vibaki vitatu ndio muanze kuzunguka.